Vyakula Kumi na Kimoja

Kaka zangu kule Bahati walisema sitaweza kulisha hata paka. Nilipopata diploma ya upishi na lishe, wakasema ni karatasi ya kufungia nyama. Nilipopanda ndege kwenda Ghuba, wakasema nitarudi na blanketi la ndege tu. Nilirudi baada ya miaka tisa, nikajenga nyumba ya mawe Lanet, na sikumpigia mtu magoti. Katika jiko nililolisimamia huko Ghuba, mamia ya wageni walikula kila mchana na sahani zilirudi tupu.

Aliyenishinda ni binti yangu wa miaka minane.

Ilianza asubuhi za shule. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na sare yake, amekumbatia tumbo, uso umekuwa rangi ya uji. Nilitaka vipimo vyote, hata kamera ya kushuka tumboni. Pesa zangu zilikuwa zimeishia kwenye mawe, kwa hiyo nikafanya nilichoapa sitafanya: nikakopa kwa kaka zangu wawili na kwa mama mkwe.

Vipimo havikuonyesha kitu. Daktari, mama mtu mzima, alinieleza kwamba maumivu ni ya kweli hata kama hakuna kidonda. Matumbo ya watoto wengine huhisi kupita kiasi. Kubadilisha chakula husaidia baadhi yao, si wote. Nijaribu kutoa maziwa kwa wiki mbili, na nisipoona tofauti nirudishe. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, alisema, na akarudia.

Kitu kimoja niliona ni cha mtu asiyesoma. Jioni hiyo nilibandika orodha kwenye mlango wa friji: maziwa, maharagwe, ngano, kabichi, vitunguu, mpaka vikafika kumi na kimoja.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama. "Wewe ulisomea kupikia wageni," akasema. "Huyu ni mtoto."

Siku nne binti yangu hakulia tumbo. Niliwapigia kaka zangu simu kuwaambia diploma imefanya kazi. Siku ya tano nilimkuta kwenye ngazi ile ile.

Sikurudisha hata njugu moja. Niliamini kuna kitu anaiba kwa majirani, nikamhoji kama mwizi. Muhula ukaisha akila wali na viazi, sketi ikishikwa na pini, na maumivu yakija yalivyotaka. Akaanza kuniuliza kabla ya kila tonge.

Nilipomrudisha kwa daktari, aliomba kuiona orodha.

"Nani alikwambia utoe vyote?"

Akaikunja orodha, akanirudishia.

"Mrudishie mtoto chakula chake."

Nilikirudisha. Nilipika chapati zangu laini, nikapika githeri ya mahindi mabichi na maharagwe. Binti yangu aliangalia sahani, akaisogeza polepole kando. Chakula kilikuwa kimerudi mezani. Yeye hakuwa amerudi. Nilisimama kwenye jiko langu la vigae nikiwa sijui kupika.

Niliuza gari. Jumapili moja nilimchukua tukaenda Bahati kulipa madeni, naye nilimvalisha vizuri ili waone. Kwetu mtu hatoki nyumba ya watu na koo kavu, na kukataa chai ni tusi. Nyumba ya kwanza aligusa kikombe kwa midomo tu. Nyumba ya pili kaka yangu mkubwa alipokea pesa zake, akasema, "Kumbe unaweza kulipa," kisha akamtazama mtoto.

Kwa mama mkwe ndiko tulikomaliza. Alizitia pesa ndani ya leso bila kuziangalia, akammiminia mjukuu wake chai ya maziwa.

"Baba, hii si ni ile inakatazwa?"

"Hapana, mama. Kunywa."

Alikunywa nusu. Halafu akaweka kikombe chini, akalaza mkono juu ya tumbo, akangoja maumivu. Sikuwa tena na deni la mtu yeyote. Nilikaa nikiutazama ule mkono.