Wenzake wanataka nguruwe, Ildefons anamtaka Datius

Saa moja asubuhi, umande bado haujakauka kwenye migomba ya Kishanda, na Ildefons Kagaruki amepiga magoti mbele ya mbwa. Anamfunga shingoni kengele ya mti aliyoichonga mwenyewe, kisha anachuma nyasi, anazisokota na kuzishindilia ndani ya kengele mpaka inakuwa bubu. Mbwa anavumilia. Amezoea kuliko mwandishi wa makala haya, ambaye amepewa kigoda na kuombwa akae mbali kidogo.

Mbwa wa kuwindia wa huku hawabweki wakimfuata mnyama. Kengele ndiyo sauti yao. Njiani huzibwa ili nguruwe pori wasishtuke. Wawindaji wakifika kwenye kichaka, nyasi hutolewa, mbwa huachiwa, na wenye mikuki waliojipanga upande wa pili hutega masikio. Kichaka kikitikisika na kengele ikalia, huyo ni mbwa. Kikitikisika kimya kimya, huyo ni nguruwe.

Ildefons ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni mkulima wa kahawa kama jirani zake, lakini katika kikundi cha wawindaji cha kijiji kazi yake ni hiyo tu: kuchonga kengele, kuziziba na kuzizibua. Mkuki hashiki. Anasema mkuki una wenyewe.

Msimu unafunguliwa Jumamosi ijayo; leo ni mazoezi tu. Rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio kati ya kijiji na kijiji, umekwisha kuchomwa, na nguruwe wamekimbilia vichaka vya mabondeni. Wana kesi ya kujibu. Wamefukua karibu nusu ya muhogo wa shamba la ujamaa, na waliobaki na majembe mikononi wanasema afadhali wangelima mawe.

Mwaka huu wa 1971 kila jambo kijijini lina malengo: kahawa, vyoo, kisomo cha watu wazima. Haikuchukua muda wawindaji nao wakaitwa mkutanoni watoe yao. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mwijage, alitaka kila mtu ataje lake kwa sauti. Mmoja akasema nguruwe kumi. Mwingine akasema kumi na watano, naye msimu uliopita alirudi nyumbani na homa tu, kwa hiyo watu wakacheka. Ildefons akasimama, akasema lengo lake ni moja: Datius arudi.

Kicheko kiliishia hapo. Ndugu Mwijage alimwambia kwa upole kwamba hilo si lengo, hilo ni sala.

"Basi na iwe sala," anasema Ildefons leo, huku akimfungua mbwa. "Lakini jingine sina."

Datius Rugemalira, kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwake, alikuwa mkuki wa kwanza wa Kishanda. Mbwa wake aliitwa Posta, kwa sababu kila alikotumwa alifika na kurudi. Agosti mwaka jana Ildefons alikuwa na mbwa watano mkononi, ukingoni mwa kichaka. Huku akizibua kengele, alikuwa akibishana na mwenzake ni nani aliyewapoteza nguruwe wiki iliyotangulia. Lilikuwa bishano la kipuuzi, anakiri mwenyewe. Alizibua kengele nne. Ya Posta aliisahau.

Posta akaingia kichakani bila sauti. Upande wa pili alisimama Datius. Majani yakatikisika, na kengele haikulia. Datius akatupa mkuki, na Datius hakuwa mtu wa kukosa.

Ildefons hakuficha. Aliivua ile kengele ikiwa bado na nyasi zake, akainyanyua mbele ya watu wote, akasema kosa ni lake. Wazee wakampa Datius pole, wakamwambia hana hatia hata chembe. Datius aliwasikiliza, akauacha mkuki pale pale, akaenda nyumbani kwa miguu peke yake. Hakuwahi kurudi rweya. Mvua za vuli zilipoanza alihamia Bukoba mjini, na sasa anabeba magunia katika kiwanda cha kahawa.

"Nilisema ukweli saa ile ile," anasema Ildefons. "Nilidhani nikisema mzigo utanipungukia. Haukunipungukia, waitu, ndugu yangu."

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Huyu wa Ildefons amekuja na hana dalili ya kurudi kwao. Kila Jumapili baada ya misa huenda kwa mama yake Datius, Ma Kokubanza, mjane, akapogolea migomba na kumpalilia kibanja, yaani shamba la nyumbani. Mama huyo hamfukuzi wala hamnunii. Humpa chakula, humuuliza habari za watoto wake. Mwandishi alimuuliza kama amemsamehe.

"Nimsamehe nini? Mbwa hakuwa wangu," alisema. "Mimi nimepoteza mtoto, naye yuko hai, hapo Bukoba tu."

Jumatano ya wiki ile ile Ildefons alipanda basi kwenda mjini, na mwandishi akafuatana naye. Alikuwa amevaa koti la misa. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno yake kwa sauti ya chini, mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kuona anasemeshwa nani.

Datius anakaa mtaa wa Kashai, katika chumba cha kupanga chenye kitanda, jiko na dirisha moja. Aliwapokea vizuri. Akawakaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama inavyompasa Mhaya mwenye mgeni, na wakaongea kwanza habari za mvua na za waliokufa. Ndipo Ildefons akasema alichokijia: arudi, msimu unafunguliwa Jumamosi, na mtoto mmoja wa Posta amekua, ni wake akimtaka.

Datius alipojibu, hakuwa na hasira, na labda hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia.

"Ta Ilde, sina neno na wewe. Wewe ulisahau, na mtu husahau. Lakini mimi, kile kimya nilikisikia nikafurahi. Nilisema moyoni, leo huyu ni wangu. Furaha ile ndiyo inayonizuia kulala."

Akaeleza kwamba kijijini kila mtu humtazama kwa huruma, na huruma ile inamchosha kuliko magunia. Mbwa hamtaki. Kisha akasema, kama anayeongea na dirisha, kwamba amemkumbuka sana mama yake. Jumamosi atakwenda kumwona. Amechagua siku hiyo kwa sababu wanaume wote watakuwa mabondeni, apite njiani asikutane na mtu. Jioni, kabla hawajarudi, atakuwa ameondoka.

Ildefons aliitika kwa kichwa. Maneno yote ya ndani ya basi hayakupata nafasi.

Walipotoka alitembea mbele, na mwandishi hakuona haja ya kumfikia upesi. Kituoni ndipo alipogeuka, macho yamemwiva, akaeleza mpango wake wa msimu. Kuna bonde la mwisho kabisa, mwendo wa saa tatu kutoka Kishanda, ambalo wawindaji hawalipendi kwa sababu ya umbali na matope. Jumamosi atawaongoza wenzake huko.

"Watalalamika, na nguruwe huenda tusimpate hata mmoja," alisema. "Lakini giza litatukuta huko huko. Akae na mama yake mpaka wachoke wenyewe."