Nafasi ya Mtoto wa Pili

Juzi nilialikwa harusi ya Wanubi kule Bombo, na nikuambie ukweli, sikwenda kwa ajili ya bibi harusi. Nilikwenda kula gurusa, ule mkate wao mwembamba wa kumiminwa kikaangoni, ambao siku hizi ukiuulizia mjini watu wanakutazama tu. Nilikuwa kwenye kipande cha pili, mchuzi unanichuruzika kiganjani, wasichana walipoanza kuimba majina ya ndugu za bwana harusi. Baada ya jina la kwanza wakaacha maneno, wakaimba ta-ra-ri-ra kama tarumbeta, kisha wakaendelea na majina mengine. Nikaweka mkate chini. Najua kipande kile cha wimbo kilikozaliwa, rafiki yangu, na nilikuwepo.

Tulikaa Naguru, kwenye nyumba za polisi, miaka ile ya utawala wa jeshi. Baba alikuwa koplo, mtu wa kaskazini, asiyependa maneno mengi. Jioni kazi yangu ilikuwa kung'arisha vifungo vyake kwa majivu na limau, na asubuhi kugombania bomba la maji na watoto wa safu ya chini. Wahindi wenye maduka walikuwa wameshafukuzwa, sukari ikawafuata, na chai tuliitia tangawizi nyingi ili ulimi usahau. Watu wazima waliongea wameinamisha vichwa. Kwetu sisi watoto hayo yalikuwa maisha tu, hatukujua kwamba kuna mengine.

Aliyekizaa kipande kile alikuwa mwimbaji, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa Mnubi, babu yake alikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na mume wake alipiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi. Kabla sijazaliwa aliimba jazi katika hoteli moja mjini, ndani ya gauni refu la kijani ambalo wakati wetu lilikuwa limeshageuka pazia la mlango. Jazi aliipata Kyambogo. Mama yake alimfulia nguo mwalimu mmoja mwenye gramafoni, na binti alipopeleka mashati yaliyopigwa pasi alikaa kizingitini mpaka sahani ya santuri iishe. Kiingereza cha nyimbo zile hakukielewa chote. Alipofika penye neno asilolijua alitoa sauti tupu, akiiga tarumbeta. Wageni wa hotelini wakadhani ni ufundi, wakapiga makofi, na kweli ukawa ufundi.

Kisha wageni wakaisha hotelini, bendi ikavunjika, naye akarudi kuimba harusi za kambini, yeye na wanawake wenye ngoma. Lakini tabia ya jazi haikumtoka. Katikati ya wimbo maneno yanapotea, tarumbeta inaingia. Jirani yetu wa nyumba ya kona alimcheka mbele ya watu: "Leo maneno imekwisha dukani, kama sukari!"

Huyu jirani wa kona, naye Mnubi, alikuwa mjane mwenye watoto wa kiume wanne, na gurusa zake ndizo zilizonilea. Mtoto wake wa pili alikuwa dereva wa lori. Akifika mteremkoni alipiga mluzi, mluzi wake mwenyewe wa kupanda, kushuka, halafu kupanda tena, na mama yake akisikia tu anabandika chai. Sisi watoto tulikimbia kumpokea, akatupakia mbele tukambana mpaka ashindwe kubadilisha gia. Nilimpenda yule kijana kuliko kaka zangu wa damu.

Siku moja, mchana kweupe, wanaume wa serikali wenye miwani myeusi walimkuta kazini, wakamtia kwenye buti ya gari, wakaondoka naye. Baba aliporudi alivua mkanda, akamwambia Mama: "Uende kwa jirani na kitu mkononi. Lakini usiulize." Mama akapeleka unga, na hakuuliza.

Maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea. Mtoto wa tatu wa jirani, aliyekuwa askari wa jeshi kambini Mbuya, akaoa, na wakubwa wake wakasema watakuja harusini.

Hapo ndipo shida ilipoingia. Katika ngoma ile ya wanawake, mwimbaji huwataja watoto wote wa mama wa bwana harusi, kuanzia wa kwanza, na kwa kila jina mama husogea mbele akitikisa shuka yake. Kumruka mmoja ni kusema umeshamzika. Na yule dereva hakuna aliyemzika. Kila jioni mama yake alimwekea sahani yake chini ya kawa. Ila kumtaja mbele ya wageni wale kulikuwa sawa na kuwauliza yuko wapi, na waliouliza hivyo tulijua walikoishia.

Asubuhi ya harusi jirani alikuja kwa mwimbaji. Mimi nilikuwa hapo mlangoni nachambua mchele.

"Wewe utataja watoto yangu yote," alisema.

"Mama, wale wakubwa si watakaa mbele?"

"Wakae. Mimi nimezaa wanne. Usinifanye leo nimezaa watatu."

Alipoondoka, mume wa mwimbaji alisema kutoka nyuma ya pazia la kijani, "Wewe mwanamke, utatumaliza." Mwimbaji alichukua ungo wangu, akachambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Ngoma ilipigwa alasiri, maana kila mtu alitaka giza limkute kwake. Wakubwa walikaa mstari wa mbele, soda magotini. Mwimbaji akataja jina la kwanza, mama akasogea. Kisha ngoma zikapungua zenyewe, bila mtu kuziambia. Mwimbaji akafumba macho, akafungua mdomo, ikatoka tarumbeta: ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Ulikuwa mluzi wa mteremkoni. Hakuna mtoto wa Naguru ambaye hakuujua.

Mama wa bwana harusi akasogea mbele, akatikisa shuka kuliko alivyoitikisa kwa wa kwanza. Vigelegele vikapasuka. Wanawake walicheza huku wanalia, nami nikalia pamoja nao.

Aliyepiga makofi zaidi ni mkubwa mmoja wa mstari wa mbele. "Hiyo! Hiyo ya tarumbeta! Rudia!"

Akarudia. Tangu siku ile gari lilikuja kila Jumamosi kumchukua akawaimbie Mbuya, na kila mara walimwomba kipande kile kile. Mume wake alikonda kwa hofu. Mimi nilidhani jirani wa kona atakasirika, mluzi wa mwanawe kugeuzwa starehe ya watu wale. Alicheka tu, akiwa anageuza gurusa. "Wacha," alisema. "Wao yenyewe wanamuita kila wiki."

Dereva hakurudi. Serikali ile ilipoanguka, Wanubi, waliohesabiwa kuwa watu wake, walikimbia, wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja. Jirani sikumwona tena. Mwimbaji alifika kwa ndugu zake Kibera, akakaanga mandazi, na huko ndiko alikofia. Hakuna sahani ya santuri yenye sauti yake. Pazia la kijani lilibaki likipepea mlangoni siku chache, kisha mtu akalichukua.

Kule Bombo nilimsubiri msichana mmoja amalize kuimba, nikamuuliza: pale katikati, baada ya jina la kwanza, mnamtaja nani?

"Pale hakuna mtu, Mama," akaniambia kwa upole. "Pale ni muziki tu."

Nikasema nimwambie jina la yule dereva. La kaka yake mkubwa nilikuwa nalo, la bwana harusi yule wa Naguru nilikuwa nalo, hata la kitinda mimba. Lake nikalitafuta, msichana amesimama ananingoja kwa adabu, na halikuja. Basi nikampigia mluzi.