Inakubalika, Mheshimiwa Jaji

Mtu wa kwanza kunyongwa mikononi mwa mawakili wapya wa kundi letu alikuwa mwenzetu mmoja mnene kutoka Bukoba. Tulikuwa kwenye mafunzo, katika ukumbi wa hoteli moja kando ya ziwa, na tuliigiza kesi ya mauaji, yeye akiwa mshtakiwa. Wakili wake alizembea, akahukumiwa kifo. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, kisha marehemu mtarajiwa akaja kupanga foleni ya sambusa pamoja nasi. Mwezeshaji alituambia kwamba wakili hujifunza mpaka siku anayozikwa, nasi tukapiga makofi.

Haukupita muda, mahakama ikanipangia kesi ya mauaji ya kweli. Ndivyo inavyokuwa kwetu: mshtakiwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili hupangiwa mmoja, na mara nyingi anayepangiwa ni yule ambaye joho lake bado lina harufu ya duka. Wakili mkubwa niliyekuwa chini yake, Mhaya asiyezunguka maneno, alinitazama juu ya miwani.

"Sasa ndiyo unaanza shule," akasema. "Kama kuna usichokijua, uliza. Mficha uchi hazai."

Sikuuliza. Niliona haya kumwambia kwamba naiogopa kesi ile.

Mteja wangu alikuwa mbeba mizigo katika soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, mtu wa makamo mwenye shingo iliyokomaa kwa magunia ya dagaa. Alishtakiwa kumuua mbeba mizigo mwenzake, aliyekutwa asubuhi amekufa nyuma ya soko. Nilimfuata gerezani. Alipoletwa nilijikuta nimesema, "Shikamoo," maana angeweza kuwa mjomba wangu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akajisahihisha haraka. "Marahaba, mheshimiwa wakili."

Alinieleza kisa chake taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisukuma. Siku iliyotangulia asubuhi hiyo aliondoka sokoni mapema, peke yake, akaenda Nyakato kwa dada yake na kulala huko. Alimwacha marehemu palepale sokoni, akitaniana na wenzake. Basi. Utetezi wote ulikuwa huo; ukiuondoa, hakuna kingine. Nikamuuliza kama ana swali.

"Sina, mheshimiwa. Wewe ndiye umesoma."

Wengine wangefurahi kuambiwa hivyo. Mimi nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu.

Ikafika siku ya usikilizwaji wa awali. Siku hiyo upande wa mashtaka husoma maelezo ya kesi, jambo baada ya jambo, na wakili wa utetezi husema lipi linakubalika na lipi linabishaniwa. Likikubalika limekwisha, hakuna shahidi atakayeitwa kulithibitisha. Hayo niliyajua. Niliwahi kuyajibu kwenye mtihani na kupata alama nzuri.

Nisichokijua ni kasi. Wakili wa Serikali alisoma kama mtu anayewahi kivuko.

"Kwamba mshtakiwa ni mkazi wa Kirumba."

Nikainuka nusu. "Inakubalika, Mheshimiwa Jaji."

Kwamba ni mbeba mizigo. Inakubalika. Kwamba alimfahamu marehemu. Inakubalika. Jaji alikuwa akiandika, haniangalii, ila kila nilipoitikia alitikisa kichwa kidogo kukubali, na kichwa kile, Mungu anisamehe, kilinipa raha. Woga una tabia hiyo: ukitikisiwa kichwa mara moja, unataka utikisiwe tena. Nikawa naitikia kama waumini kwenye litania, mdomo umetangulia, akili inafuata nyuma na viatu mkononi.

Tulipomaliza, Jaji akaamuru karani asome yote yaliyokubaliwa, ili mshtakiwa ayasikie na kuyatia saini. Karani akasoma. Mkazi wa Kirumba. Mbeba mizigo. Alimfahamu marehemu.

"Na kwamba jioni ya tukio mshtakiwa na marehemu waliondoka sokoni pamoja."

Nilikuwa nimelikubali hilo. Sikumbuki kulisikia, lakini sauti iliyolikubali ilikuwa yangu, na watu wote mle ndani waliisikia. Nikageukia kizimbani. Nilitaka apige kelele, hata anitukane kwa Kisukuma. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma.

"Umeyasikia?" Jaji akamuuliza. "Unayakubali?"

"Nimeyasikia, mheshimiwa. Kama wakili wangu ameyakubali, na mimi nayakubali."

Askari magereza akampa kalamu.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka kwa ujasiri. Niliinuka kwa sababu kukaa kulinitisha kuliko kusimama. Niliishika meza kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Jaji, naomba... hilo la mwisho. Nilikosea. Linabishaniwa."

"Wakili msomi," Jaji akasema polepole, "ulisema inakubalika. Nimeshaandika."

"Ndiyo, Mheshimiwa Jaji. Kosa ni langu, si la mteja wangu. Msimamo wake ni kwamba aliondoka peke yake."

Wakili wa Serikali akainua macho kwa mara ya kwanza. Jaji alinitazama kwa muda ambao sikuweza kuuvumilia, nikaangalia chini, mpaka niliposikia kalamu yake ikikata mstari. Kisha akamgeukia mshtakiwa.

"Na wewe mwenyewe unasemaje? Mliondoka pamoja, au hamkuondoka pamoja?"

Nilimwomba kimoyomoyo aseme. Kisa kilikuwa chake, na mdomo alikuwa nao: aseme tu kwamba alikwenda Nyakato kwa dada yake. Akanitazama mimi kwanza, kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa kiti.

"Wakili wangu amekataa, mheshimiwa. Basi na mimi nimekataa."

Jaji akaandika. Nikakaa. Alikuwa amekataa kwa sauti ileile aliyokubalia, haikupanda wala haikushuka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.