Bakteria Waliokataa Kufa

Mimi nikiambiwa jambo haliwezekani, nawashwa mpaka nilione mwenyewe. Ndiyo maana nilikaa mwaka mzima kwenye maabara ya chuo, Kitui mjini, na swali moja: bakteria hulitengenezaje koti lake?

Maana bakteria ana koti, tena lenye tabaka. Jeni moja hutoa maagizo ya kutengeneza kipande, nyingine ya kukisafirisha hadi nje, nyingine ya kukipachika mahali pake. Mimi niliharibu moja ya zile za usafirishaji. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba bila hiyo, koti la nje huvuja na bakteria hufa. Nilijaribu mara tatu, wakafa. Mara ya nne, wiki moja kabla ya kutetea kazi yangu, wakaishi. Kisahani kizima kimejaa!

Niliogopa. Kama wanaishi bila ile jeni, basi kazi yangu ni bure na mwaka narudia.

Msimamizi wangu, mzee wa Kikima asiyependa maneno mengi, alikuja akaangalia.

"Umebadilisha nini?"

"Hakuna, daktari."

"Fikiria."

Nikafikiria. Mtambo wa kusafisha maji ulikuwa umeharibika, kwa hivyo chakula cha bakteria nilikipika kwa maji ya mtungi niliotoka nao nyumbani, Mutomo. Lakini si nilikuwa nimeyaonja kwanza! Watu husema maji ya Mutomo ni ya chumvi. Ya kisima chetu ni matamu, nikamhakikishia.

Akayamimina kidogo kwenye kikombe, akakibeba hadi nje, akapiga funda moja, akalitema kwenye maua.

"Ai! Msichana wewe, hii ni chumvi tupu!"

Nilikasirika, wacha tu, kama vile amemtukana mama yangu. Ila hamu ya kujua ikanishinda. Tukayapima yale maji, tukakuta magnesiamu tele. Tukapika upya kwa maji safi, bakteria wakafa. Tukatia magnesiamu kidogo, wakaishi. Kumbe madini yale yalikuwa yanalibana koti lililolegea, yakiziba pengo la jeni niliyoiharibu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kazi yangu ilikuwa imepona, tena imepata sura mpya.

Jioni nikampigia mama simu.

"Mwaitu, nitumie mtungi mwingine wa maji ya kisima."

"Haya yetu ya chumvi? Ya nini?"

"Kwani wewe unajua ni ya chumvi?"

"Si mimi nilizaliwa Mbooni, kwenye maji matamu? Siku ya kwanza kuyanywa haya, nililia."

"Na mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, halafu mngekunywa nini?"