Nyuzi Zilizolegea za Wangwe

Habari hii hamtaiamini. Hata padri akiiapia mtasema padri amelewa. Shauri yenu. Kutoka Sirari hadi Issenye hakuna anayeijua kuliko huyu anayewaandikia, aliyeishia darasa la sita lakini ana kichwa cha kidato cha sita.

Wangwe wa Matongo alikuwa na masikio ya popo na ulimi wa kusifia wenye mali. Lakini akishika iritungu, ile ala yetu kubwa ya nyuzi nane, hata vikongwe wenye magoti mabovu walitupa mikongojo. Kisha jiwe likamwangukia mkono wa kulia huko kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu. Vidole vikapona vimejikunja kama tangawizi. Na kwetu mpigaji asiyepiga ni mlaji tu wa ugali wa watu: hapewi kigoda, haulizwi neno. Wangwe aliogopa kukosa kigoda kuliko alivyoogopa kufa.

Ndipo Jackson, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, akampa akili. Alikuwa amemrekodi mkono ukiwa bado mzima, kwenye harusi ya Agustina, binti wa Simioni wa Gorong'a. Akaisafisha rekodi kwenye kompyuta mpaka ukasikia kucha zikigusa uzi. Sasa spika ikawekwa nyuma ya hema, Wangwe akawekwa mbele na maikrofoni iliyozimwa, nyuzi amezilegeza zisitoe sauti, kazi yake kuchezesha midomo na bega. Sherehe kadhaa zikapita hivyo, kwa vipande visivyo na jina la mtu. Watu wakasema mkono umepona, Mungu mkubwa. Wangwe akavimba, akaanza hata kulalamika kwamba supu haina nyama.

Ikaja harusi ya Joel, mdogo wake Agustina. Baba yao, Simioni, walikuwa wameshamzika. Mama yao, Verdiana, aliomba kitu kimoja: wimbo ule ule wa harusi ya Agustina, maana marehemu aliupenda. Jackson akafurahi, si anao mzima? Akasimika na simu kwenye fimbo ili ndugu wa ng'ambo ya mpaka waone mubashara.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mpigaji wa kwetu haimbii hewa. Anawaita wenye ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, wainuke wacheze.

Wimbo ukaenda vizuri mpaka katikati, spika ikaita: Simioni, inuka, baba wa mafahali, ardhi isikie miguu yako. Wangwe alilitambua jina likiwa limeshapita midomoni mwake. Akifumba mdomo, watu watajua anayeimba si yeye. Akiendelea, anamwita maiti mbele ya mjane. Akaendelea. Akaita mara ya pili, bega likitikisika.

Na Simioni akaitika. Sauti yake ile ya kukwaruza ikatoka nyuma ya hema: "Nipo. Nani amekaa?" Vigelegele vya siku ile ya Agustina vikamshangilia. Watu wa siku hii wakageuza shingo kuangalia hema, mpaka mlevi mmoja akasema aachwe, marehemu hajamaliza kucheza, na upande wa bibi harusi wote ukaangua kicheko. Kwenye simu ya Jackson vikatuni vya kucheka vikapanda kama povu la pombe.

Verdiana akavuka uwanja. Hakulia. Akagusa nyuzi kwa kidole, zikanesa kama kamba ya kuanikia nguo. Akamtazama Wangwe, ambaye midomo yake ilikuwa bado inacheza.

"Baba Robi," akasema, "umemwinua. Sasa mkalishe."

Hapo ndipo Wangwe alipochomoka kama chatu, akalinyanyua iritungu kwa ule mkono mbovu, akaipasua spika vipande vipande, mshindo ukasikika mpaka mgodini, mbuzi wa Matongo wakazaa kabla ya siku zao, na yule mlevi akakimbia hadi Migori bila—

"Shemeji, acha," amenikatiza Wangwe mwenyewe, ambaye namsomea haya. "Sikuinuka. Wimbo ulikuwa haujaisha. Nilikaa pale pale nikachezesha midomo mpaka mwisho."