Koti Lililofunika Maharage

Teodora, mjane anayeishi mtaa wa Kirumba, halalamikii bei ya gesi, anaibana. Maharage huyaloweka tangu jana yake. Asubuhi yakishatokota vizuri, huzima jiko, huiweka sufuria ndani ya tenga lililojaa matambara, kisha huifunika kwa koti zito la marehemu mumewe, Luhende. Mchana yameiva.

Siku wifi yake Sabina alipovuka ziwa kutoka Sengerema na kuliona koti lile, alifura.

“Nguo ya marehemu unaivisha sufuria?”

“Wifi, kaka yako alinigombeza miaka thelathini kwa chakula kilichopoa. Sasa akitunzie joto mwenyewe.”

Sabina aliinama, akalivuta koti taratibu, akaziba upande wa sufuria uliokuwa wazi.