Tisa Niliyoisahau Mlangoni kwa Baba Mkwe

Jamani, aibu nyingine hazizeeki, na hii yangu naisema mwenyewe kabla mke wangu hajaisema, maana yeye huongeza chumvi.

Enzi za Zaire, tulipoitana sote citoyen na kuvaa abacost, zile suti zisizo na tai, nilikuwa mwalimu wa hesabu hapa Kindu, kijana, domo kubwa kuliko mshahara. Siku ya kwenda kumposa Ngalula, kwenye nyumba za watu wa reli, baba mukubwa alinionya njiani: "Weye ukae kimya. Mukwe hasemi. Miye njo nitasema." (Ndiyo desturi: wakubwa wanaongea, wewe unatazama viatu vyako.) Nami ningekaa kimya kweli, Mungu shahidi, kama babake Ngalula, mzee wa Kasai aliyekagua mabehewa stesheni, asingeuliza kwa dharau, "Sasa huyu mwalimu, anajua nini?"

Nikasimama. Uamuzi wenyewe ndio huo, kusimama tu.

Chaki nilikuwa nayo mfukoni (mwalimu hakosi), na mlango wa mzee ulikuwa na rangi nzuri ya kijani, basi nikaandika juu yake: 11 mara 11 ni 121. Chini yake, 111 mara 111 ni 12321. Chini tena, 1111 mara 1111 ni 1234321. "Someni toka kushoto, someni toka kuume, ni ile ile!" Majirani wakasogea, nami nikazidi kushuka na mlango, kila mstari nikiongeza moja, mpaka moja zikafika tisa upande huu na tisa upande ule, nikaandika jibu kwa mbwembwe:

1234567887654321

"Na kama umekosea?" mzee akauliza.

"Papa, haiwezekani. Iko preuve par neuf!" Nikawaonyesha: jumlisha tarakimu, kila tisa itupe, kinachobaki linganisha. Zile moja tisa ni tisa, tupa, inabaki sifuri. Jibu langu ni sabini na mbili, saba na mbili tisa, tupa, sifuri. Makofi! Vigelegele! Nami kwa utamu wa makofi nikaapa, "Kukikosekana hata tarakimu moja, Ngalula mumupe muntu mwingine!"

Baba mukubwa akafunika uso.

Mzee akavaa miwani, akaja mlangoni, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama anavyokagua treni. "Tatu. Tano. Saba. Kila treni inaongeza wagon mbili. Hii ya juu iko na kumi na tano. Hii ya mwisho iko na kumi na sita." Akanigeukia. "Mwalimu, wagon moja iko wapi?"

Tisa! Ile ya katikati, baina ya nane mbili! Hesabu yangu ya kuhakikisha hutupa tisa zote, basi iwepo isiwepo, kwake ni mamoja, na bila hiyo namba bado ilisomeka vilevile pande zote. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Ngalula peke yake, dirishani pa jiko, hakucheka, na hapo ndipo moyo uliniuma.

"Papa, utuhurumie," baba mukubwa akasema.

"Yeye mwenyewe ameapa," mzee akajibu, kisha akavua miwani. "Lakini muntu akipoteza wagon, hatumufukuzi. Anaitafuta. Siku ya Mungu tisa asionekane hapa. Ya kumi arudi, na kinywa kifungwe."

Jumapili zile nilizihesabu kwa vidole, tena mara mbili mbili. Nilirudi bubu kabisa, hata nilipopewa maji nilitikisa kichwa tu, wakanipa mke.

Tangu hapo penye wakwe sisimami, na chaki huiacha nyumbani. Haisaidii. Tuna watoto wanane, na mzee kila akija huwapanga ukutani kwa urefu, anawapitisha kidole mmoja mmoja, akifika wa mwisho ananigeukia polepole: "Mwalimu, tena umeisahau?"